Nusu ya Pigo

Urho aliingia dukani Jumanne, theluji mabegani,
kabana kwapani kisanduku cha mbao
kidogo kuliko kibiriti cha jikoni.
"Sirkka," akaniita, s ikapiga mluzi kwenye pengo lake kama siku zote,
"nimeletewa bibi arusi wa kifalme,
na kwangu mimi ni kibanda."

Nikafungua. Katriji ya kuchongwa kwa mkono,
nyaya za ndani nyembamba kuliko unywele wa kichanga,
na almasi usiyoiona mpaka uibembeleze kwa lenzi.
Bei yake ingenunua kinanda chake cha santuri mara nne,
na kiti anachokalia,
na bado ikabaki nauli.

Katumiwa na Eino wa kiwanda cha karatasi.
Walisimama bega kwa bega kwenye kwaya miaka kumi na tisa,
wakanuniana thelathini.
Sasa masikio ya Eino yamefunga duka.
Chini ya kisanduku, kikaratasi: Sikiliza mwenyewe.

Nilimwambia kweli, maana mshenga mwongo huvunja nyumba mbili:
"Iuze. Nunua kinanda kizito, sindano ya kawaida.
Nyumba ni msingi."
Akanitazama kama nimemtukania mama.
"Cha kupewa hakiuzwi."

Basi nikaoza.

Watu hudhani ni skrubu mbili na nyaya nne.
Bibi huyu ana kiungo kigumu, hapigi goti ovyo,
kazoea mikono mizito, ya wenye nafasi.
Mkono wa kinanda cha Urho ni mwepesi kama wa karani,
umetoka kiwandani na ndugu zake elfu kumi.
Ukiwaunganisha hivi hivi
besi inatetemeka, na kila santuri iliyopinda
inageuka barabara ya mawe.

Nikapekua droo. Sarafu ya peni kumi,
fedha isiyonunua kitu tena nchini Finlandi,
gramu mbili kasoro. Nikaitoboa ukingoni, matundu mawili,
nikaiweka kati yao: mahari.
Mkono ukapata uzito wa kuheshimika.
Na kwa vile bibi husema kwa kunong'ona,
nikamwazima Urho transfoma yangu ya kukuza sauti,
ile ya marehemu baba, yenye kutu upande mmoja.

Jumamosi nikapanda kwake Hervanta, ghorofa ya sita.
Kahawa ilikuwa chungu. Nikapima uzani wa sindano:
gramu mbili na nusu. Nikaishusha.

Kwanza tukasikia mota ya kinanda,
ikiguguna chini kwa chini kama mpangaji mwenye deni.
Sikujivunia hilo.
Kisha ukumbi. Kurasa zikifunuliwa. Kiti.
Halafu kwaya ya kiwanda, wanaume arobaini wakavuta pumzi pamoja,
na mmoja, upande wa kushoto,
akaingia kabla ya wote.

Nusu ya pigo tu.

"Huyo hapo!" Urho akaruka. "Eino! Miaka yote hii nasema!"
Akarudisha mkono mwenyewe, vidole vikimcheza.
Mara ya pili hakusema kitu.
Mara ya tatu nami nikasikia:
neno lenyewe linaanza na s,
na s ile ilikuwa na mluzi.

Sindano yake ya zamani ilikuwa na adabu,
ilipita juu ya neno hilo kama mgeni juu ya zulia.

Nikatazama dirisha. Chini, mtu alikuwa anakwangua barafu kwenye gari.
Urho akakaa. Akasimama.
"Simu hasikii," akasema, si kwangu.
Akavaa buti, la kushoto kabla ya soksi,
akavua, akaanza upya.
Kofia aliisahau.

Mlango ukafungwa. Santuri ikaendelea kuzunguka
kwenye mfuo wa mwisho, tiki, tiki.
Nikainua mkono, nikapima tena.
Gramu mbili na nusu, na punje.
Ile punje nikaiondoa.