Kikapu cha Gome

Sakitu imeanguka tena Bulongwa.
Majani ya viazi yamebabuka kama yamepitiwa na moto,
na mama, khanga juu ya sweta, sweta juu ya sweta,
anatoka kumwaga majivu
akisema lile analosema kila Juni:
"Baridi hii ina mwenyewe."

Mimi nimeketi jikoni na kisu cha kupasulia mianzi.

Kule Ufini walinipokea kwa huruma.
Walinipa koti la marehemu fulani,
soksi za sufu, kofia yenye masikio,
wakaniuliza polepole, kama aulizwavyo mgonjwa:
"Kwenu kuna baridi?"
Nikawaambia ninakotoka
maji ya kuku huganda bakulini,
na watoto huenda shule wakipuliza moshi midomoni,
wakijidai watu wazima wavutao sigara.
Walicheka. Hawakuamini.
Afrika yao ina jua moja tu, nalo halichwi.

Lakini niseme kweli, maadamu mama yuko nje:
sikuwa naijua baridi.
Ya kwetu ni mgeni, saa nne asubuhi imeshaaga.
Ile ilihamia. Ilikuwa na ufunguo wa nyumba.
Saa tisa mchana, giza totoro;
siku moja nilipiga mswaki wa usiku mara mbili.
Na theluji nilidhani itakuwa na sauti.
Mvua yetu hugombana na mabati hadi majirani wajue.
Theluji hupita mlangoni kama mdaiwa.

Bi Aune, mwalimu wetu, mikono kama ya mpasua mbao,
alituletea gome la mti mweupe
lichunikalo kama kurasa za daftari lililolowa.
Jina langu lilimshinda,
akalikata kama fito: "Ahi."
Niliitika. Hata fito fupi husuka.

Wiki ya tatu alikigeuza kikapu changu,
akapitisha kidole kwenye kona,
akasema neno moja.
Sikuhitaji mkalimani. Nimekua na neno hilo,
mama hulisema bila kuinua macho:
Fumua.

Nikafumua. Nikasuka, nikafumua.
Mara ya nne nililia,
machozi yakadondokea gome, gome likalegea,
na Bi Aune, badala ya kunipa kitambaa,
akalikunja pale pale palipolowa
na kunionyesha: ndiyo, hivyo hivyo, linataka maji.

Cha mwisho walikitundika ukutani, taa juu yake,
na chini jina langu zima, Ahimidiwe, herufi zote tisa.
Watu walipita na glasi za divai
wakinong'ona kama wako msibani.
Nami pembeni, ndani ya koti la marehemu, najiuliza:
hivi hapa hakuna mwenye viazi?

Kutoka Njombe nilikipakata kwenye basi kama mtoto mwenye homa.
Mama alikigeuza.
Akapitisha kidole kwenye kona.
Nikangoja.
"Kimekaza," alisema. Kisha:
"Cha nini?"
Miezi minne, cheti chenye mhuri,
na sikuwa na jibu.

Jibu alilo nalo kuku wa madoa,
yule aliyekataa tenga, akakataa debe,
akalikataa hata sanduku la sabuni.
Siku mbili alikizunguka akidonoa ukingo.
Siku ya tatu aliingia, akajipangusa, akatulia
kama mtu aliyefika kwake.
Mayai kumi na moja, karibu na mafiga.

Nasogeza kiganja chini ya mbawa zake. Ananidonoa.
Lakini nimeshaligusa lile joto,
limejaa hadi kwenye kona,
ndani ya gome la mti usio na jina kwa Kikinga.

"Ahimidiwe!" mama anaita toka uani,
sauti yake ikitoka na moshi.
"Nisukie kingine, cha mianzi, cha viazi.
Kona iwe ile ile."

Nachukua fito ya kwanza.
Naitumbukiza majini.