Nafasi

Mabela, kiyoyozi kinakoroma. Nje nyuzi arubaini na sita.
Nimezipanga programu kwa tarehe ya kuguswa mwisho,
kongwe juu.

Ya kujifunza Kituruki: siku mbili, basi.
Ya hesabu za duka la udi
asilolifungua Thuwaiba. Futa.
Ya kurembesha picha, muda wa majaribio
uliisha kabla ya harusi. Futa, futa.

Kisha saa ya sala.
Mji: Chake Chake.
Haijafunguliwa miaka sita.
Bibi Zuwena aliiweka mwenyewe, akakataa tusiibadili:
"Nijue kwetu kama washaadhini."

Megabaiti kumi na moja tu,
lakini diski imejaa, inanung'unika.

Nikaondoa mchezo wangu wa karata,
ninaoucheza kila usiku.