Kijiko cha Udongo

Ghorofa ya pili, Tudor, dirisha linatazama mikoko:
hapa ndipo ninapoosha vyombo vya Daktari Umazi.
Mwaka wa tisa huu. Kila flaski naijua kwa mikwaruzo yake.

Jumanne huja Mwanatumu na gunia.
Vizibo, ndara isiyo na mwenziwe, dumu la mafuta lililopasuka,
mifuko iliyopigwa marufuku, bado hai mizizini.
Hulimwaga sakafuni, chumba kikanuka tope la maji kupwa.

Mnyororo, Daktari huwaambia wanafunzi,
kaboni kaishika kaboni mkono, nayo ikashika nyingine,
maelfu, na hakuna inayotaka kuachia.
Jua huuchanachana tu, haliuui;
huufanya mdogo hadi ukaingia tumboni mwa tafi.
(Tulimpasua mmoja wa sokoni. Uzi wa samawati,
mwembamba kama unywele wa mtoto.)

Kisha huinua kijiko:
udongo mweupe, ameuoka, ameupika kwa magadi,
umejaa vitundu ambavyo hadubini yetu haivioni.
Kichocheo.
"Kama mshenga?" akauliza kijana mmoja wa Kisauni.
"Mshenga huunganisha. Huyu ni kadhi.
Husikiza, huachanisha, hufunga faili,
huita kesi ya pili. Na pilau ya mtu hagusi."

Jioni ile, nikifuta ubao, niliandika pembeni kwa kujifurahisha:

    Ewe chembe ya udongo, motoni hujateketa,
    Kata pingu na maungo, mnyororo ulokita,
    Chumvi ikikupa hongo, kataa, usije nata,
    Kazi yako kutenganya, wewe ukabaki wewe.

Plastiki ya dukani, safi, ilikubali.
Saa nne tanurini, yakatoka mafuta
rangi ya chai ya mkandaa.
Tukapeana mikono.

Ya gunia ikakataa.
Jaribio la arobaini na moja, la arobaini na mbili,
la hamsini: udongo ukatoka mweusi kama masizi ya chungu,
vitundu vimezibwa, kadhi kalala juu ya faili.
Vitabu vyasema kichocheo hakipungui.
Vitabu havijapata kuishi Mombasa,
ambapo chumvi hula hata bawaba za mlango.

Mwanatumu alikuwa akingoja mia tatu zake.
Akachungulia. "Mwapika bila kuosha?
Hata mchele huoshwa maji matatu."
Akapiga magoti, akaanza kuchambua:
akunja kipande karibu na sikio, asikiliza.
"Hiki chalia. Hiki hakilii, ni cha bomba, kitawaharibia."
Daktari akavua koti jeupe, akachuchumaa kando yake,
akakunja, akasikiliza. Hakusikia kitu.
Akakunja tena.

La hamsini na nne:
gramu mia tatu zikaingia, mia na themanini zikatoka mafuta.
Mengine moshi, mengine masizi. Si muujiza.
Nje maji yalijaa, yakaleta takataka nyingine
ambazo hakuna aliyeziita.

Makala ikaandikwa. Niliisoma nikifunga madirisha.
"Sampuli zilioshwa mara tatu kwa maji baridi."
Zilioshwa.
Kitenzi kimepita usiku, hakuna aliyeuona uso wake.

Ubaoni palibaki mlingano:
kushoto plastiki, kulia mafuta,
katikati mshale, na juu ya mshale, kwa herufi ndogo, kichocheo,
kwa kuwa kinachofanya kazi bila kuliwa
hakiandikwi kwenye matokeo.
Nikachukua chaki. Palepale juu ya mshale
nikaongeza: Mwanatumu, maji matatu.

Asubuhi nilikuta hajafuta.
Aliongeza tu halijoto.