Figa la Tatu

Jokofu la zahanati yetu lina mabwana wawili.
Chanjo iliyo ndani ni ya Nairobi,
ilishuka na gari la wizara kwa sahihi tatu.
Gesi inayoipoza ni ya kaunti.
Ukuta ni wa kaunti. Kufuli, sina hakika;
niliuliza kwa barua mwezi wa pili,
barua ingali njiani, inapanda ama inashuka.

Mimi ni Agufa, karani, Mbale, chumba cha mwisho.
Kazi yangu ni muhuri. Juu yangu kuna maafisa,
juu ya maafisa kuna mikutano,
na mikutano ina chai yake na kumbukumbu zake,
na mahali fulani humo mtu huandika:
"Ilikubaliwa kwamba pande mbili zishauriane."
Mimi hutoa nakala sita.

Jumatano alfajiri Sista Kadesa akanipigia simu.
"Agufa, ni nyuzi saba."
Nikasema, mgao haujafika.
"Ni saba na nusu."
Nikamweleza kama nilivyoelezwa:
Bunge limetaja kiasi chake, Seneti imetaja chake,
wameunda kamati ya kupatanisha tarakimu,
Hazina haifungui mkono mpaka wapatane,
na kaunti haina cha kufungua.
Akanyamaza. Nikasikia jogoo upande wake wa simu.
"Nane ikipita," akasema, "nimwage?"

Nina Katiba kwenye droo, chini ya wino.
Jedwali la Nne nalisoma macho yamefumbwa.
Sera ya afya: kule. Zahanati: huku.
Limeandikwa vizuri, sitalisema vibaya;
nililipigia kura nikiwa kijana,
nilipanga foleni giza halijaachia,
nikitaka serikali ije karibu, niweze kuigongea mlango.
Sasa mlango ndio mimi.

Lakini Jedwali halitaji nyuzi.
Halisemi kwamba kwenye kichupa cha surua
kuna duara, na ndani ya duara mraba mweupe
unaoingia weusi polepole
bila kuuliza joto limetoka ngazi gani.

Saa tatu nikafika Chavakali na barua ya kuomba subira.
Kina mama walishajaa kwenye benchi,
vitabu vya kliniki vimefungwa kwa nailoni,
na nyuma ya jokofu mwali wa buluu
ulikuwa unawaka, mdogo, timamu.
Mtungi haukuwa wa kaunti.
Ulikuwa na ukoko wa uji ubavuni.
Nikauliza, maana kuuliza ni kazi yangu: mali ya nani?
Alikuwa akivuta dawa kwa sindano; hakugeuka.
"Andika unavyojua."

Safu ya chanzo ina visanduku viwili tu:
SERIKALI YA KITAIFA. SERIKALI YA KAUNTI.
Nilikaa na kalamu hewani
mpaka watoto wanne wakalia, mmoja baada ya mwingine.

Jioni nikapita kwake kwa ajili ya risiti.
Nikamkuta uani, macho mekundu kwa moshi,
anapuliza kuni mbichi za mkaratusi.
Chungu cha maharagwe kilikuwa juu ya mawe.
Mawili makubwa, meusi, ya tangu enzi za mama mkwe,
kila moja limejikalia mahali pake kwa heshima,
na chungu kingelala ubavu baina yao
kama si la tatu, bovubovu, lina udongo bado,
aliloliokota asubuhi hiyo kwenye majani chai.
Lilikuwa linateleza.
Nikachutama, nikalishikilia kwa kijiti
hadi povu likapanda,
fomu ikiwa mfukoni, visanduku vyote viwili vitupu.

Fedha zilifika mwezi uliofuata. Nakala sita.
Mtungi wa Kadesa haujarudi:
gesi ina fungu lake kwenye bajeti,
ila kurudisha hakuna fungu.
Ameshazoea kuni, anasema.
Lile jiwe nalo limeanza kuwa jeusi.