Isale

Kazi yangu mimi ni kupima.
Mabega, kiuno, urefu wa mkono,
miaka kumi na tisa kibarazani, jirani na stendi ya Moshi,
futi shingoni kama nyoka aliyechoka.

Siku ya kugawa kihamba, kule Kilema,
walikuja na kamba ya katani.
Elirehema alitoka Dar, viatu vinang'aa.
Godlisten alitoka Tunduma na simu mbili.
Baba mdogo Anaeli akashika ncha ya kamba,
akahesabu kwa sauti ya kanisani:
kutoka parachichi hadi mfongo, wa kwanza;
kutoka mfongo hadi kaburi la mama, wa mwisho.
Mimi wa katikati nilikuwa jikoni
nawachujia mbege.

Nikasimama mlangoni, kata mkononi:
"Na kamba yangu mimi inaanzia wapi?"
Wakacheka.
Hawakucheka kwa ubaya,
na hilo ndilo linaloniuma hadi leo.
"Ndelilio, mtoto wa kike ni wa kwenda."

Nina miaka arobaini na sita.
Nimekwenda wapi?
Nani alimgeuza mama kitandani miezi kumi na minne?
Nani aling'oa mibuni iliyokufa,
akashindilia samadi, akapanda mshare
mnaokula sasa hivi, na mikono yenu haijanawa udongo?
Ninayo risiti ya mbolea.
Ninayo ya jeneza.

Nikashuka mjini.
Mteja ameleta koti la mtumba, la Memorial,
nalifumua bega. Ndani,
mshono wa mkono wa mwanamke
wa nchi ambayo lebo yake imefutika.
Nilijua ni mwanamke: kila fundo kalifunga mara tatu,
kama mtu ambaye neno lake haliaminiwi.
Nikamwuliza, sindano ikiwa mdomoni:
Dada, na kwenu kamba inapita wapi?

Koti halikujibu.
Kesho yake nilifunga cherehani saa nne
nikaenda baraza la ardhi.
Karani akauliza mume wangu yuko wapi.
"Andika jina langu."
Akaandika, akakosea.
Nikamtajia herufi mojamoja, kama ninayehesabu vifungo.

Wiki ya tatu baba mdogo akaja kibarazani,
kashika tawi la isale kwa mikono miwili.
Kwetu isale haikataliwi.
Ukiletewa, unasamehe, na neno linaisha.
Alilijua hilo, ndiyo maana alilikata bichi, asubuhi ileile,
bado linavuja.

Nililipokea. Nilimsamehe, kweli,
nikamkaangia na mayai.

Jumamosi nikapanda Kilema.
Nikapima kwa futi yangu, sentimita mia na hamsini,
nikiinama, nikiinuka, mgongo ukilalamika,
watoto wa jirani wakihesabu juu ya ua,
kutoka miguuni pa mama
hadi mgomba wa kwanza nilioupanda.
Penye kona nikachimba.
Nikalichomeka tawi la baba mdogo,
nikalishindilia kwa kisigino.

Maana isale ina kazi mbili,
na yeye alikumbuka moja.
Ni msamaha, ndiyo.
Ni mpaka.

Shauri limeahirishwa mara mbili.
Tawi limeshatoa majani matatu.