Mabega ya Kioo

Kaka yangu Mushagalusa ananiibia chaki.
Si kwa kuandika. Anazisaga kwa chupa ya soda,
ule unga anaunyunyiza juu ya kalibu
kioo kisije kikang'ang'ania chuma,
nami Jumatatu nasimama mbele ya watoto hamsini na watatu
na kipande kifupi kuliko ukucha.

Kalibu yenyewe ni breki ya lori lililofia njia ya Walungu.
Aliichonga kwa tupa miezi miwili,
akaipa mabega.
Simu za siku hizi, asema, zina mabega:
kioo hakiishii ukingoni,
kinateremka kidogo ubavuni
kama shuka lililotandikwa na mtu mwenye adabu.

Cha dukani kinatoka mbali, dola thelathini na mbili.
Chake kinatoka kwenye fremu za picha za harusi,
zile ambazo wenyewe hawazitaki tena ukutani.
Anakisugua kwa maji na mchanga wa ziwa
siku nne, siku tano,
mpaka kiwe chembamba kama ganda la kitunguu.

Tanuri liko nyuma ya choo, matofali na udongo.
Linapulizwa na kikausha nywele cha saluni ya Faida,
na umeme ukikatika, yaani karibu kila siku,
linapulizwa na mimi, kwa sahani ya bati.
Hana kipimajoto. Ana maharagwe.
Anapanga matatu mekundu juu ya tofali,
anatazama chuma, anatazama maharagwe,
na rangi zikilingana ananyanyua mkono: basi, usipulize.

Hakigusi.
"Kioo hakipindwi," aniambia.
"Kinachoshwa tu. Kikichoka kinalala chenyewe."
Nami nimekiona kikilala:
kwanza katikati, halafu, kwa aibu, pembeni.

Lakini kuwaka si kazi. Kazi ni kupoa.
Cha kwanza kilipasuka kama mtu anayecheka kanisani.
Cha nne kilivumilia hadi tukakishika.
Cha tisa kilipasuka saa nane za usiku, peke yake,
mvua ikinyesha, nikaruka kitandani
nikidhani kilima kimeanza tena.
Sisi wa Kadutu tunalala sikio moja likiwa juu ya udongo.

Cha kumi na nane alikifukia ndani ya majivu ya moto,
akaziba mlango wa tanuri kwa matope,
akatandika gunia mbele yake.
Siku mbili. Nilimpelekea bugali hapohapo.
Hata mama alipoumwa hakukesha hivyo,
nilitaka kumwambia, nikanyamaza.

Simu ni ya Mama Cikwanine, muuza sambaza,
iliyoangukiwa na jiwe lake mwenyewe la mizani.
Aliigeuza, akaitazama kwa jicho moja.
"Nambari zinalewa," akasema,
maana kwenye kona kuna wimbi dogo,
na saba ikipita pale inapiga magoti.
Kisha akapitisha kidole gumba begani,
akarudia, akarudia tena,
kama atafutaye mshono wa nguo asiuone.
Akalipa nusu. Nusu nyingine, akasema, ni samaki.

Leo nilikuwa na somo la tao.
Nilileta vipande vya vile kumi na saba,
makali nimeyaua kwa tupa,
watoto wakavizungushia makala kwenye karatasi,
wakavisogeza, wakazungushia tena,
mpaka darasa zima likawa na nyusi.
Nikawaeleza moto, maharagwe, majivu.
Ombeni, wa dawati la mwisho, akainua mkono:
"Mwalimu, kiliumia?"

Niliingiza mkono kwenye mfuko wa koti
kama watu wazima tunavyofanya tukikosa jibu,
nikakuta pakiti ya chaki, nzima, haijafunguliwa.
Inanuka sambaza.