Fungate kwa Hesabu

Nyuma ya bili ya gesi Sikudhani kapiga mstari:
kushoto Kyoto, kulia sisi.
Nje ni nyuzi thelathini chini ya sifuri,
gari limechomekwa umeme ukutani kama simu,
Winnipeg nzima imejifunika gubigubi.

"Tuanze na ndege," asema.
Ndege yala nusu ya mfuko hata hatujaketi.
Tukipitia Vancouver, tukasubiri usiku kucha
kwenye viti vya chuma, tutaokoa dola mia mbili.
Basi tusubiri. Kusubiri tunakujua.
Mwaka wa kumi na tisa huu tunajidai fungate.

Tulioana Ijumaa.
Jumatatu yeye kaingia zamu ya usiku hospitalini,
mimi kwenye ghala la matairi.
Tukaambiana: kesho.
Kesho ikazaa kesho, nazo zikataka ada,
zikataka makoti mapya kila Oktoba,
moja ikafungwa vyuma vya meno.

Kwa nini Kyoto? Kwa sababu ya kalenda
niliyopewa bure na duka la vipuri:
hekalu, daraja jekundu, majani yanayowaka.
Mwaka ule ulikwisha zamani.
Ukurasa wa Novemba haujabanduka kwenye friji.

Lakini Novemba ni ya wenye nazo,
na msimu wa maua ndio usiseme.
"Januari je?" nauliza. "Watu huogopa baridi."
Akacheka hata chai ikammwagikia kiganjani.
Baridi yao ile! Sisi tutatembea vifungo wazi.

Chakula: wali wa kufinyanga, wa dukani,
umeviringishwa kwa mwani.
Kalamu ikasita.
Mama yake aliulima mwani kule Paje,
maji kiunoni, mgongo umepinda kama mundu,
akauza kilo kwa bei ya kiberiti.
"Leo niupangie bajeti niununue?"
"Si mwani uleule," namwambia.
"Mwani ni mwani, Vuai."
Akaandika bei, akaipigia mstari mara mbili.

Kisha simu ikalia.
Ami Pandu hatunaye.
Msiba hautengewi fungu, wala hauulizi una safari gani.
Akafuta usiku mmoja wa hoteli. Akaangalia.
Akafuta na wa pili.
Vumbi la raba akalipuliza upande wangu.

"Fungate ni saba," nikasema, na laiti ningenyamaza.
"Hizi tano tuziiteje?"
Akaondoka kwenda kuosha vikombe vilivyokwisha oshwa.

Wiki mbili bili ikakaa chini ya chupa ya chumvi.
Mtu hujikuna ajipatapo, nami nikajikuna:
nikaomba zamu za Jumapili, wakanipa moja.
Ililipa kiingilio cha mahekalu matatu.
Mto kule, nimesoma, haulipishwi.

Jana nimerudi usiku, theluji kwenye kope,
yeye kishatoka kwenda kazini.
Karatasi iko mezani. Chini kabisa,
penye neno "mengineyo," kwa mwandiko wake wa haraka:

Usiku wa kwanza, viti vya chuma, Vancouver.
Usiku wa pili, angani, kiti cha katikati ni chako.
Kyoto, tano.
Jumla saba.

Nimehesabu tena kwa vidole, glavu sijavua.